Fundi Saa na Maisha Elfu Kumi

6 Januari

Mdogo wangu Desimali,

U mzima? Wifi yangu je, na watoto? Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kinaniuma tangu Jumanne ilipokuja barua ya benki. Zile milioni kumi na mbili nilizokopa, kumbe riba yake inapanda na kushuka wanavyojisikia wao. Nilisaini bila kusoma ukurasa wa nyuma. Usinicheke, maana msomi wa kunisomea alikuwa huko aliko. Sasa hivi ni asilimia kumi na mbili, lakini wameandika kwamba "inaweza kubadilika kulingana na soko." Soko lipi? Mimi ninalolijua ni la zipu na vifungo.

Nimepiga hesabu kwa chaki kwenye meza ya kukatia. Kila asilimia moja ikiongezeka ni elfu kumi zaidi kwa mwezi. Ikifika ishirini namwachisha kazi fundi mmoja. Ikifika ishirini na tano, karakana inakwenda, jengo na vyerehani vyote vinane. Unajua nilivyoijenga hii karakana baada ya marehemu shemeji yako kuniachia cherehani kimoja kibovu.

Sasa sikiliza. Yupo Fundi Saa, yule mgane wa makamo aliyepanga duka la saa mtaa wa nyuma. Ana mkopo sawasawa na wangu, miaka mitatu, ila wake ni asilimia kumi na nne, haipandi haishuki. Yeye kasikia redioni kwamba riba zitaporomoka hadi nane, analalamika kafungwa kamba. Juzi alikuja kuchukua suruali niliyompunguzia kiuno, tukaongea, tukaona tubadilishane mizigo. Mimi nimlipe kumi na nne yake, yeye anilipe yangu, iwe vyovyote itakavyokuwa. Benki haziambiwi kitu. Kila tarehe tano tunapeana ile tofauti tu, basi.

Swali langu ni moja. Atalipa? Si ndiyo kazi unayolipwa mshahara?

Barua nampa dereva wa lori la vitambaa, anakuja huko kila wiki ya pili. Usinipigie simu. Iko kwenye droo, na mashine zikilia sisikii. Tena mambo ya mkataba nayataka kwa wino.

Ulisema utakuja mwisho wa mwaka. Mwaka umekwisha. Ni wa nne huu.

Dada yako


19 Januari

Dada, shikamoo.

Sote wazima. Wifi yako anasema barua yako ndiyo ya kwanza mwaka huu kuingia nyumbani kwetu bila kutishia kukata umeme.

Wewe na huyo fundi mmebuni, juu ya kiuno cha suruali, jambo ambalo benki yangu imeliwekea ghorofa nzima ya watu. Mimi ni mmoja wao. Nakaa chumba cha mwisho, pembeni ya mashine ya fotokopi, na wanaokuja kutoa nakala huniuliza wino utaletwa lini.

Kazi yetu ni maswali mawili. La kwanza, riba itaelekea wapi? Hilo hakuna anayelijua, hata wanaovaa tai. Kwa hiyo hatutabiri, tunatunga. Naiambia kompyuta itunge maisha elfu kumi, na katika kila maisha riba inapita njia yake. La pili ndilo lako, yule wa upande wa pili atalipa? Katika kila maisha Fundi Saa analipa au anakwama, mwisho tunahesabu alikwama mara ngapi. Nimemtunga kwa hayo machache uliyoniandikia, kwamba ni mgane, makamo, duka la kupanga, suruali imempwaya. (Hilo la suruali lilinitia shaka. Anakonda kwa nini?) Amekwama mara mia tisa katika elfu kumi. Asilimia tisa. Si mbaya. Mkuu wangu wa kitengo ana wateja wa asilimia tisa anaowafungulia mlango wa gari.

Ila kuna hatari moja ninayokuomba uishike. Riba ikipanda ndipo anapodaiwa zaidi, na ndipo atakapokuwa hana. Yaani mtu wa namna hii hushindwa siku ile ile unayomhitaji.

Ndiyo maana nimewaandikia mkataba wa vifungu tisa. Soma cha nne. Anayelipa tofauti ataweka kwa mwenzake kitu kimoja cha thamani kwa kila asilimia, kiwe dhamana. Upepo ukigeuka, mwenye kitu aje kukichukua mwenyewe kwa miguu yake. Dhamana hairudishwi kwa barua wala kwa kumtuma mtu. Halafu cha tisa. Anayetaka kubadili au kufuta mkataba afike mwenyewe kwa mkokotoaji, yaani mimi, na asimwambie mwenzake neno mpaka uamuzi utoke. Kazini tumeona watu wanaanza kuambiana, wanaishia kurushiana viti.

Na kila barua niandikie mwenendo wake. Anakuja lini, anasema nini, fedha anazitumiaje. Usichuje. Modeli, yaani hiyo hesabu ya kompyuta, inakula kila kitu.

Kuja, mwaka huu ni hakika.

Mdogo wako,
Desimali


16 Februari

Mdogo wangu,

Tulisaini juu ya meza ya pasi. Fundi Saa alivisoma vifungu vyote tisa kwa ile lenzi yake ya jichoni, akasema hajawahi kuona mashine yenye vipuri vingi hivyo isiyoonyesha saa.

Kwa kuwa riba ni kumi na mbili, mimi ndiye ninayelipa, elfu ishirini. Basi nimeweka dhamana mbili, pasi nzito na mashine ya kutoboa vitundu vya vifungo. Hapo ndipo nilipojua kifungu chako cha nne kiliandikwa na mtu asiyeshona. Nina mashati ya shule mia mbili na arobaini, na kila shati lina vitundu saba. Mashine iko kwake! Ikabidi kila mchana nibebe furushi, niende nikashonee dukani kwa mdeni wangu, au mdai wangu, sijui nimwiteje. Amenisafishia kona ya dirishani na kuniwekea kiti chenye mto.

Mwenendo wake ni huu. Anasahau kula, chakula chake kinapoa pale mezani mpaka nimkumbushe. Jumatano alifungua saa ya mteja, akaitazama muda mrefu, akaifunga bila kuigusa. Alhamisi alimrudishia mteja chenji zaidi ya fedha aliyopewa. Anatabasamu peke yake. Ameniuliza mara tatu kama vitundu bado ni vingi.

Mengine ni ya kawaida.

Dada yako


1 Machi

Dada, shikamoo.

Kawaida? Mimi nimesoma mwenendo huo nikiwa nimesimama. Hali chakula, hafanyi kazi yake vizuri, anatoa chenji ovyo, anatabasamu bila sababu. Kazini kwetu hizo ni dalili za mtu anayejua kitu kibaya ambacho wewe hujakijua. Nimeziingiza zote. Amepanda kutoka tisa hadi ishirini na mbili.

Wifi yako, ambaye kama ujuavyo ni muuguzi, aliisoma barua yako akiwa anavua viatu. Akasema, "Dalili ni kweli, lakini ugonjwa umekosea." Nikamuuliza ni ugonjwa gani. Akaniangalia kama anavyoangalia watu wanaokuja hospitali na kikohozi cha miezi sita, akaenda kuoga. Nimemweleza kupitia mlangoni kwamba modeli haina safu ya mafumbo ya watu. Sikusikia alichojibu, maji yalikuwa yanamwagika.

Kuwa mwangalifu. Hicho kiti chenye mto, alikinunua au alikuwa nacho?

Mdogo wako,
Desimali


10 Aprili

Mdogo wangu Desimali,

Alikinunua.

Sasa mambo yamepinduka. Machi riba iliruka hadi kumi na tano, na mwezi huu ni kumi na tisa! Redio yake imenyamaza, haisemi tena habari za nane. Bila ule mkataba saa hizi ningekuwa namwaga machozi kwenye kola za watoto wa watu. Tarehe tano, saa mbili kamili asubuhi, Fundi Saa alikuwa mlangoni na elfu hamsini kwenye bahasha. Hakuomba muda wala hakukunja uso.

Mashine na pasi vimerudi. Kwa kifungu chako cha nne yeye ndiye ameleta dhamana, saa tano za ukutani, moja ndefu kama mimi. Desimali, hizo saa hazielewani. Saa sita ya mchana humu ndani hupigwa kwa dakika kumi na moja. Moja inamaliza, nyingine inaanza, mafundi wangu wanaacha kushona wanahesabu na kubishana. Fundi wa kola ameniambia, "Mama, leo tumefanya kazi saa sitini, tunaomba nyongeza."

Tena ni saa za kutiwa ufunguo. Anasema zisipotiwa kila siku zinaharibika, na ufunguo hamwachii mtu. Kwa hiyo anakuja kila siku saa kumi jioni. Saa tano zinamchukua kama saa nzima na nusu, kwa sababu anatia polepole.

Mwenendo zaidi. Ameshonesha mashati manne kwangu. La nne halikuwa na haja, hata yeye alikiri. Anapimwa upya kila mara, eti mabega yamebadilika.

Nimemsomea asilimia zako. Usinune, ni haki yake kujua.

Dada yako


24 Aprili

Dada, shikamoo.

Mashati manne! Mtu mwenye mkopo wa milioni kumi na mbili na riba ya kumi na tisa mgongoni! Na anakuja kila siku kuangalia mali zake zilizo mikononi mwako. Huyo ni mtu asiyelala. Nimeendesha modeli mara mbili, sikuamini ya kwanza. Arobaini na moja.

Najua analipa. Ila modeli haiangalii alizolipa, inaangalia atakazoshindwa.

Nikwambie na la kwangu, kwa kuwa wifi yako ameshaapa kukuandikia nisipokuandikia. Modeli yangu hapa kazini ilisema riba haitavuka kumi na tano. Mkuu wa kitengo hakunigombeza. Alikuja tu, akaniomba kiti changu chenye mikono "kwa muda", akaniachia kisicho na mikono. Kwa hiyo sitaki kukosea mara mbili, na sitaki hata kidogo kukosea kwa karakana yako. Shule yote niliyosoma ilipita chini ya sindano ya cherehani chako, sijasahau.

Usimsomee hii.

Mdogo wako,
Desimali


9 Mei

Kwa Ndugu Mkokotoaji,

Pokea salamu zangu. Hatujaonana, lakini nakufahamu, maana dada yako husoma barua zako karibu nami. Huanza kimya, kisha hucheka, nami huuliza.

Nimeambiwa mimi ni asilimia arobaini na moja. Siku mbili nilijua ni alama za mtihani, nikaona si haba, shuleni sikuwahi kufika huko. Kisha nikaelezwa kwamba kwako anayepata nyingi ndiye mbaya. Basi naomba kurekebisha machache, kama fundi kwa fundi.

Kusahau kula ni kweli. Mashati manne ni kweli, na la tano linakatwa. Kuja kila siku ni kweli, ila si kwa ajili ya kulinda saa. Na hapa nitasema jambo ambalo naomba libaki kati yetu. Saa zangu zile tano hutiwa ufunguo mara moja kwa wiki.

Swali langu ni la kifungu cha tisa. Mtu akitaka mkataba ufutwe, si kwa kushindwa kulipa, bali kwa sababu nyingine isiyoandikika vizuri, anafanya nini?

Wako katika riba,
Fundi Saa


22 Mei

Kwa Fundi Saa,

Nimepokea barua yako. Umekiri kwamba kwa wiki kadhaa umetoa maelezo yasiyo ya kweli kuhusu matunzo ya dhamana. Nimeyaingiza. Sasa ni sitini na nne.

Hakuna sababu isiyoandikika. Kama unataka kufutiwa, fika mwenyewe ofisini kwangu, na usimwambie upande wa pili neno lolote kabla ya uamuzi wangu. Nakukumbusha kwamba kwenye mkataba huu kuna karakana ya mtu, na mtu huyo ndiye aliyenisomesha.

Mkokotoaji


14 Juni

Desimali,

Tarehe tano ilipita, Fundi Saa hakuja. Sita nikaenda dukani kwake, nikakuta kufuli. Jirani yake anayeuza betri anasema aliondoka na mfuko mmoja, hakuaga. Leo ni siku ya tisa.

Saa zimeanza kusimama. Ndefu ilikuwa ya kwanza, Jumatatu. Zimefuatana, leo imebaki ile ndogo, nayo inajikongoja. Mafundi walikuwa wanalalamikia kelele, sasa wanalalamikia ukimya. Ufunguo anao yeye.

Riba ni kumi na tisa, na mwezi huu nimeilipa yote peke yangu. Fundi wa kola nimemwomba asubiri mshahara. Amekubali bila mzaha wowote, nikajua mambo ni mabaya.

Ulisema atashindwa siku ile ile nitakayomhitaji. Ulipatia. Umefurahi?

Sina mwenendo wa kuandika.

Dada yako


18 Juni, asubuhi

Dada, shikamoo.

Sijafurahi. Naapa ningependa modeli yangu iwe takataka kuliko kuisoma barua yako.

Lakini tusipoteze muda. Mtu huyo ameshakimbia. Mei aliniandikia kwa siri akitaka kufuta mkataba, sikukwambia, hilo ni kosa langu. Kifungu cha sita kinakuruhusu kuuza dhamana. Uza saa zote tano, usimsikilize mtu. Ukipata zaidi kwa ile ndefu, ndefu ianze.

Mtu wa kushonesha mashati matano akidaiwa, Dada, tangu mwanzo hakuwa mtu wa kutegemewa.

Niamini kwa hili moja. Hata kiti chenye mikono sina, lakini kwa hili niamini.

Mdogo wako,
Desimali


18 Juni, alasiri

Dada,

Fungua hii kwanza. Ile nyembamba usiifungue kabisa. Nimemkimbilia dereva hadi ghalani kumwomba anirudishie, akasema bahasha ikishaingia mfukoni mwake ni ya aliyeandikiwa, hata aje rais.

Saa tano mlinzi alinipigia kutoka mapokezi. "Bosi, kuna mzee hapa anasema yeye ni asilimia sitini na nne."

Nikashuka. Nikamkuta amesimama wima, koti lake mikono inafunika vidole, amebana mfuko kwapani. Kabla ya salamu alihesabu elfu hamsini juu ya meza ya mapokezi. "Ya tarehe tano. Niandikie risiti."

"Kwa nini hukumpa mwenyewe?"

"Ulinikataza kumwambia neno. Mimi nikimtazama dada yako siwezi kunyamaza. Ikabidi nisimtazame."

"Na siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Kwa dada yangu, kuazima koti. Akasema koti la marehemu mumewe halitoki bila kufuliwa. Likafuliwa. Mvua ikanyesha wiki nzima."

Nikampandisha hadi chumbani kwangu. Nikamwambia, kwa sauti ile ya kazini unayoichukia, "Unataka upunguziwe?"

"Nataka kufutiwa."

"Sababu?"

"Mtu na mkewe hawatozani riba."

Nikamuuliza mkewe amekopa benki gani. Dada, naandika haya kwa aibu, lakini ndivyo nilivyouliza, na kalamu nilikuwa nimeshika. Fundi Saa alinitazama kwa upole mkubwa, nadhani ndivyo anavyotazama saa iliyoangukia majini. "Shemeji," akasema, "nimekuja kuomba."

"Kuomba muda?"

"Kumwomba dada yako."

Mashine ya fotokopi ikanyamaza. Kumbe kulikuwa na watu saba pale nje wanatoa nakala za karatasi tupu. Nikaegemea mikono ya kiti, na kiti hakina mikono, nusura nianguke.

Maisha elfu kumi nilimtungia mtu huyu. Nimemfilisi, nimemchomea duka, nimemvunja mguu. Katika hayo yote, hakuna hata moja ambamo alioa. Kila alipokuja kwako mimi niliandika "wasiwasi". Alipokosa hamu ya kula niliandika "ukata". Wifi yako nimempigia kazini kumweleza, alichosema ni "Hongera, daktari," akakata simu.

Nimemwambia mimi sina dada wa kugawa. Ana miaka hamsini na mbili na mkasi mkononi, akamuulize mwenyewe. Kwa upande wangu sina pingamizi, nina haya tu.

Limebaki jambo moja, nalo silifichi. Mkiwa nyumba moja, mkataba haukulindi tena. Anachokulipa yeye kitatoka mfuko ule ule unaoingia. Riba ya kumi na tisa itabaki kumi na tisa, na karakana itakuwa wazi kama mwanzo. Nimekokotoa tangu saa saba mchana, sijaona njia. Naogopa, Dada. Ukimkataa kwa sababu hiyo atakuwa ameponzwa na hesabu zangu mara ya pili.

Anarudi na lori hilo hilo, hii nampa mkononi pamoja na elfu hamsini zako. Wakati wa kuagana aliiona saa yangu, ile uliyoninunulia nilipofaulu. Ina miaka miwili imesimama, naivaa kwa mazoea tu. Akaomba aitazame, akaitia mfukoni. Mtu mwema.

Mdogo wako,
Desimali


24 Juni

Mdogo wangu,

Bila shaka nilifungua nyembamba kwanza. Dereva alikuwa mvivu wa kushuka, akampa Fundi Saa nayo, alete zote mbili. Kaingia na koti lake, mafundi wote wanane wameinua vichwa. Mimi nilikuwa nimemtunzia maneno ya siku kumi na nne, lakini bahasha ilikuwa na mwandiko wako, nikaona nisome kwa sauti ili asikie hesabu zinavyomsema. "Mtu huyo ameshakimbia." Nikainua macho, mtu huyo yupo mbele yangu ananyoosha kola. "Uza saa zote tano, ndefu ianze." Fundi wa kola akauliza, "Mama, anayenunua ndiye huyu?"

Nilipofika kwenye mashati matano nilishindwa kuendelea. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na machozi yakatoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Wewe elewa hivyo hivyo.

Halafu akasema, "Kifungu cha tisa. Mkokotoaji amekubali." Nikamwambia, "Mkokotoaji hakushona hata shati moja kati ya hayo. Niulize mimi." Akaniuliza mimi, mbele ya vyerehani vinane vilivyozimwa. Nikamwambia atie saa ufunguo kwanza, nifikirie. Akazitia zote tano. Sijawahi kumwona akitia haraka vile.

Nimekubali.

Sasa hiyo hofu yako. Kompyuta yako ina maisha elfu kumi, mimi nina chaki. Ninachokosa mkataba ukifutwa ni elfu hamsini kwa mwezi. Duka lake analipia kodi ya elfu themanini. Saa zake ziko ukutani kwangu tangu Aprili, na wazazi wanaokuja kuchukua sare wameshaanza kuniachia saa zao zitengenezwe, mimi nikidhani wamezisahau. Anahamia dirisha la mbele. Themanini toa hamsini, inabaki thelathini, na fundi wa kola nimeshamlipa. Ukiona nimekosea niambie, lakini andika kwa desimali chache.

Tunafunga tarehe ishirini Julai, hapa hapa karakanani, kwa kuwa ndiyo nyumba yenye saa nyingi kuliko zote na hatutaki kuchelewa.

Na wewe. Tangu Januari unamtafuta mtu wa kutolipa. Mimi ninaye mmoja namjua, ameahidi "mwaka huu hakika" mara nne, na sikuwahi kumdai dhamana. Shemeji yako mpya ameona hilo kosa. Saa yako ameitengeneza, inatembea vizuri. Tumeitundika msumari wa sita, chini ya ile ndefu. Ukiitaka, soma kifungu cha nne ulichokiandika mwenyewe kwa mkono wako. Haiji kwa barua, na haipewi mtu wa kutumwa.

Dada yako


7 Julai

Dada, shikamoo. Shemeji, shikamoo na wewe, najua anakusomea.

Nimeomba likizo. Mkuu wa kitengo alitaka kujua uwezekano wa mimi kurudi, nikamwambia kitu hicho sikokotoi.

Tunakuja na lori la vitambaa la Ijumaa, wanne. Wifi yako na watoto watakaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya majora. Usiniulize tutafika saa ngapi. Saa yangu unayo wewe.

Desimali